Dole Gumba la Kushoto

Juzi jioni nilishuka Misugusugu kununua mchicha, nikakutana na harufu niliyokuwa sijaisikia miaka mingi. Mama mmoja alikuwa amebandika sufuria kubwa nyuma ya banda lake la mboga, anachemsha ukindu wa kusukia mikeka kwenye rangi nyekundu, na mafungu mengine ya zambarau ameyaanika juu ya ua wa mabati. Ukindu ukichemka na rangi unatoa harufu ya majani mabichi na kutu kwa pamoja. Haipendezi hata kidogo, lakini nilisimama pale nikiinusa mpaka yule mama akaniuliza kama nataka mkeka au nataka mchicha. Nikamwambia mchicha. Wakati ananifungia, nikatazama mkono wangu wa kushoto ulioshika mkanda wa pochi, nikaona dole gumba linacheza lenyewe, linagonga kidole cha shahada haraka haraka, mapigo madogo madogo yaliyolingana.

Ofisini wananijua kwa tabia hiyo. Wamenipa jina la Mpiga Meza. Kijana mmoja wa idara yetu, ambaye hupiga ngoma kanisani kwao, alinitazama siku moja nikigonga kalamu mbili kwenye jalada, akasema, "Dada, huo wa kushoto unashika kizamani. Siku hizi mikono yote inashika sawa." Nikamjibu kwamba mimi nashika hivi. Akanieleza faida za kushika sawa, akaeleza vizuri tu, nami nikaendelea kushika hivi. Mshiko huu sikupewa na mtu kwa hiari yake, na kitu ambacho hukupewa hakuna anayeweza kukuambia ukirudishe.

Nilisoma shule ya msingi Kibaha, upande wa Kongowe. Mama alifanya kazi ya kufungasha bidhaa kiwandani Zegereni, kwa zamu. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa bara, mpole, ambaye jioni alitaka gazeti lake na chai yake basi. Shule yetu haikuwa na maabara wala maktaba ya maana, lakini ilikuwa na bendi: ngoma kubwa moja, ngoma ndogo sita, filimbi kumi na kitu, na nyuma yao mstari wa wasichana. Mimi nilitaka ngoma ndogo. Sikutaka filimbi, sikutaka kuimba. Nilitaka ule mlio wa krrrrr ambao ulinifanya niamini kabisa kwamba ndani ya ngoma mmejazwa mchele. Siku moja nilipiga magoti nyuma ya stoo nikachungulia chini ya ngoma iliyoegeshwa, nikaona nyaya nyembamba zimepita kwenye ngozi, na mchele hakuna. Sikuvunjika moyo. Nilizidi kuitaka.

Aliyefundisha bendi alikuwa mzee mstaafu aliyepiga ngoma jeshini maisha yake yote, akajenga karibu na shule, akawa anakuja kutufundisha kwa kujitolea. Shule nzima, walimu na wanafunzi, tulimwita Afande. Hakupiga mtoto. Akikukasirikia alishusha sauti badala ya kuipandisha, na hilo lilitutisha kuliko fimbo.

Siku ya kuchagua wapigaji wapya alitupanga nyuma ya darasa la sita, akaeleza jambo lililonishangaza. Alisema ngoma ya jeshi haikai mbele ya tumbo. Inaning'inia kwa mkanda, ubavuni kushoto, imelala upande. Mkono wa kulia unashika kijiti kwa juu, kama unavyoshika nyundo. Wa kushoto ukishika hivyo hivyo, kiwiko kitapanda mpaka sikioni. Kwa hiyo wa kushoto unageuzwa: kiganja kinatazama juu, kijiti kinalala kwenye panda ya dole gumba na shahada, kidole cha pete kinakibeba kwa chini, shahada na cha kati vinakikumbatia kwa juu.

"Kulia ni nguvu," alisema. "Mwenye nguvu simtafuti, wamejaa. Natafuta kushoto. Anayetaka ngoma ndogo aniletee kushoto."

Akaanza kupita mstarini na kijiti kimoja. Anafika kwa mtoto, anasema, "Lete mkono," mtoto anatoa kushoto, Afande anakilaza kijiti kwenye kiganja, anatazama vidole vinavyojikunja, anakichukua, anakwenda kwa mwingine. Aliponifikia mimi nilifanya nilichofundishwa tangu naanza kutembea. Nilikunja goti kidogo, nikaficha kushoto nyuma ya sketi, nikanyoosha kulia.

"Kushoto," alisema.

Nikanyoosha mikono miwili, wa kulia ukiwa juu.

"Nimesema kushoto, binti. Peke yake."

Sikuweza. Niseme kwa nini. Mama yangu ni mtu wa Kisarawe, na mama yake, Bibi yangu, ndiye aliyenilea miaka yangu ya kwanza wakati Mama anahangaikia kazi. Bibi hakuwa na masharti mengi, ila hilo la kushoto hakuwa na mchezo nalo. Mkono wa kushoto ni wa chooni. Hupokei nao, hutoi nao, na kwa mtu mzima ndiyo usithubutu. Nikiwa mdogo sana aliwahi kuniletea kikombe cha uji, nami nikanyoosha kushoto. Hakunipiga. Alisimama pale na kikombe mkononi, akinitazama, mpaka uji ukafanya ngozi juu. Nilipobadilisha mkono akanipa uji wa baridi, akaondoka. Tangu siku ile mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukirudi nyuma wenyewe kila mtu mzima aliponipa kitu, hata kabla sijafikiri.

Na pale mstarini, nikiwaona wenzangu wote wametoa kushoto mbele ya mzee bila haya, nilidhani nimegundua siri. Nikasema moyoni, huu ni mtego. Afande anapima adabu. Anataka kujua nani atakataa. Basi nikajinyoosha, nikasema kwa heshima zote, "Siwezi, Afande. Shikamoo."

Mstari mzima ulicheka. Afande hakucheka. Alisema neno moja, "Bendera," akaenda kwa mwingine.

Nilirudi nyumbani nikiruka. Nilimwambia Mama kwamba kati ya watoto arobaini mimi peke yangu nimefaulu mtihani wa adabu, na nimepewa bendera, maana nilijua wazi kwamba kwenye gwaride lolote mwenye bendera ndiye mkubwa. Mama akanikaangia yai. Jumatatu nilipofika mazoezini nikakabidhiwa kipande cha kitambaa cha kijani kwenye kijiti cha fagio, nikapangwa mstari wa nyuma kabisa pamoja na wasichana wa darasa la tatu, kazi yetu ikiwa kupepea kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka wavulana wamalize kupiga.

Watu wa rika langu wakisimulia mambo kama haya huwa wanasema walilia. Mimi sikulia. Nilikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya kitoto, isiyojua imkasirikie nani: Afande aliyenionea kwa adabu yangu, Bibi aliyenipa adabu iliyoniponza, au mkono wenyewe. Nikaamua kuukasirikia mkono. Nilikata vijiti viwili kwenye mpera wa jirani, nikavimenya, na nilipopelekwa Kisarawe kwa Bibi likizo ya mwezi wa sita, nilivificha ndani ya begi katikati ya nguo.

Kwa Bibi kulikuwa na nyumba ya udongo yenye bati jipya, mikorosho upande mmoja na mihogo upande wa pili, na barazani Bibi mwenyewe, miguu imenyooshwa, anasuka ukili. Ukili ni ule utepe mrefu wa ukindu unaoviringishwa kama gurudumu, halafu tepe zinashonwa pamoja kwa sindano kubwa mpaka mkeka unapatikana. Nilimwona akisuka tangu nazaliwa, kwa hiyo sikuwa namwona tena. Nilimsalimia, akaitikia, akaniambia, "Umekondeana, mke mwenzangu. Huko Kibaha mnakula karatasi?" Akaendelea kusuka.

Nilikuwa nikienda nyuma ya jiko, nageuza ndoo, naiegesha ilale upande, napiga. Wa kulia haukuwa na shida. Wa kushoto ulikuwa aibu tupu. Nilizungusha kifundo cha mkono kama mtu anayefungua kitasa, jinsi nilivyomwona Afande, na kijiti kinaanguka mara moja, tang, kisha kinakaa kimya. Mlio wa krrrrr unataka kijiti kidunde, na udundaji ule hauzalishwi na kifundo. Unazalishwa na vidole. Hilo nilikuwa nimelisikia Afande akiwaambia wavulana, kwamba mkono ukishaanzisha, vidole ndivyo vinaendeleza, lakini vidole vyangu vya kushoto havikuwa vimewahi kuendeleza kitu chochote duniani.

Siku ya tatu Bibi akanikuta. Hakujali kelele. Alichokiona yeye ni kiganja.

"Kushoto, kiganja juu," alisema. "Unamwomba nani?"

"Sio kuomba, Bibi. Ndivyo inavyoshikwa."

"Na nani?"

"Na wapiga ngoma wa jeshi."

"Wewe umeajiriwa lini jeshi?" Akavichukua vile vijiti, akaviingiza jikoni chini ya chungu cha maharage, vikashika moto.

Kesho yake nikakata vingine, kwenye mpera wake mwenyewe. Akavichoma. Nikakata vingine tena. Safari hiyo alinishika sikio, akanikalisha barazani kwenye jamvi, akanitupia fungu la ukindu mapajani. "Kama mkono unawasha, suka huu," alisema. "Kila siku pima moja kabla jua halijafika kwenye ule mkorosho. Bila pima, hakuna kuondoka hapa." Pima moja ya ukili ni urefu wa mikono ya mtu mzima iliyonyooshwa huku na huku. Kwa mtoto asiyejua kusuka, hicho ni kifungo.

Ukili wangu ulikuwa umelegea, una matundu ya kupitisha kidole. Kila nilipokunja unyasi, uliopita ulifumuka. Bibi alikuwa akiukagua, anaufumua wote, ananirudishia. Nilimchukia siku zile, na nasema hivyo nikijua ni marehemu na kwamba nilimpenda. Nilikaa nimenuna, na kwa kuwa sikutaka kumtazama usoni, nikawa natazama mikono yake. Ndipo siku moja, jua likiwa bado mbali na mkorosho, nikaona.

Wa kulia wa Bibi ulikuwa unakwenda na kurudi, unachagua, unakunja, unavuta. Wa kushoto ulikuwa umetulia chini ya ukili, kiganja kimetazama juu. Ukili umelala kwenye panda ya dole gumba na shahada. Kidole cha pete kimeubeba kwa chini. Na dole gumba lilikuwa likifanya kazi yote ambayo sikuwahi kuiona: kila unyasi ulipokunjwa lilishuka na kuukandamiza, likanyanyuka, likashuka, jepesi, haraka, bila mkono wenyewe kusogea hata kidogo.

"Bibi," nikasema, "mbona wewe unashikia kushoto?"

"Nini?"

"Kiganja juu. Kama mimi."

Alisimamisha mikono, akautazama mkono wake kana kwamba mtu ameuweka pale. Nilimwona akitafuta jibu na nilifurahi, sitaficha. Ni mara chache mtoto anamwona mtu mzima akitafuta jibu.

"Huu ni ukili," alisema mwishowe.

"Na ile ni ngoma."

Nilidhani atanizaba kibao. Hakufanya hivyo. Alisema, "Suka," kwa sauti ya mtu aliyeudhika kwelikweli. Hakuniambia kwamba nimesema kweli, wala siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Ila sikuona tena vijiti vyangu vikichomwa. Aliponikuta napiga alipita akiwa ameangalia pembeni, akasema tu kwamba mbele ya wageni nisithubutu.

Nikawa nafanya vyote viwili. Asubuhi pima yangu ya ukili, mchana ndoo. Nilikuwa nimeacha kuuzungusha mkono wa kushoto kama wa Afande, nikawa nauweka kama wa Bibi: mkono umetulia, dole gumba linashuka, linaachia, linashuka. Mwanzoni kijiti kilidunda mara mbili kikafa. Halafu mara tatu. Ukindu ulinichana ngozi ya panda ya gumba, ikatoka damu, ikakauka, ikawa ngumu kama kisigino, na hapo kijiti kikapata pa kulala. Karibu na mwisho wa likizo nilipiga kushoto peke yake, kwa dole gumba tupu, kifundo kimekaa, na ndoo ikatoa mlio mrefu usiokatika. Kuku walikimbia. Siku hiyo hiyo Bibi aliikagua pima yangu, akaivuta huku na huku, na kwa mara ya kwanza hakuifumua.

Shule ilipofunguliwa nilikwenda moja kwa moja kwa Afande, nikamwambia nataka kupimwa tena. Akasema nafasi zimejaa na mimi ni bendera. Nikamwambia bendera nimeacha. Sauti yake ikashuka. "Mtoto haachi bendi," akasema. "Mtoto anaachishwa." Badala ya kujibu nilitoa vijiti vyangu vya mpera, nikainama kwenye dawati lililokuwa nje, nikapiga. Nilianza na wa kulia, nikaingiza wa kushoto, nikauondoa wa kulia, nikauacha wa kushoto uendelee peke yake. Wavulana wa ngoma ndogo walikuja kusimama. Afande alikuwa hatazami uso wangu wala kijiti. Alikuwa anatazama dole gumba.

"Nani kakufundisha hiyo?"

"Bibi yangu, Afande."

"Alikuwa kikosi gani?"

"Anasuka mikeka."

Aliamini namfanyia mzaha. Nilizungushwa uwanja mara tano, nikarudi nahema, akaniuliza tena, nikamjibu vile vile, nikazungushwa mara tano nyingine. Ningeweza kudanganya, nikataja mjomba yeyote aliyepitia jeshi, mambo yakaisha. Sikutaka. Kwa namna fulani nilihisi nikimtoa Bibi kwenye jibu, nitakuwa nimeutoa na mkono wenyewe.

Aliyenipa ngoma hakuwa Afande. Mwalimu mkuu wetu, mwanamke asiyependa maneno mengi, alikuwa ametazama mambo yote yale kutoka dirisha la ofisi yake. Wiki chache baadaye tukatangaziwa kwamba madarasa mawili mapya yatafunguliwa na mgeni rasmi, na mwalimu mkuu akamwambia Afande, mbele yetu paredini, kwamba safari hii anataka msichana aonekane kwenye ngoma. Akanitaja jina. Afande akasema, "Sawa, mwalimu." Kijana mmoja wa darasa la saba akavuliwa mkanda, nikavishwa mimi. Ulikuwa mrefu, ukafungwa fundo.

Jioni ile Afande aliniita pembeni. Hakuwa na hasira, na ndiyo maana maneno yake niliyashika yote.

"Sikiliza, binti. Wale watano wamepiga pamoja miaka miwili. Nikikuingiza wewe leo utanivunjia mstari mbele ya mgeni. Mwalimu mkuu anataka uonekane. Utaonekana. Utanyanyua vijiti, utashusha vijiti, lakini ngozi hutagusa. Kidole kimoja cha hewa kati ya kijiti na ngozi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Afande."

Kwa wiki mbili nilifanya hivyo. Hakuna aliyegundua, na hiyo ndiyo sehemu iliyoniuma. Nilikuwa nimesimama kwenye mstari nilioutamani, na ngoma ubavuni, na vijiti vya kweli vya mbao ngumu mikononi, nikipiga hewa, na wenzangu waliniambia nimeweza. Gumu kuliko yote lilikuwa kulizuia dole gumba. Lilikuwa limefundishwa kushuka mpaka chini, na mimi nililizuia katikati kila mara, mpaka jioni kiganja kinauma kwa kutofanya kitu.

Mama hakujua. Nilishindwa kumwambia, kwa sababu alikuwa ameshafua sketi nyeupe na kuipiga pasi mara mbili. Usiku wa kuamkia siku yenyewe aliniambia, "Nimeomba ruhusa ya nusu siku kiwandani. Msimamizi alitaka kukataa, nikamwambia mwanangu anapiga ngoma, lazima nikamsikie." Angesema anakuja kuniona, labda yote yangekuwa tofauti. Alisema kunisikia. Nililala nimegeukia ukuta, na hapo ndipo nilipoamua. Sikuamua kwa ushujaa. Niliamua kwa sababu nisingeweza kumtazama Mama arudi Zegereni akasimulie alichosikia ilhali hakusikia kitu.

Mgeni rasmi alichelewa kama kawaida ya wageni rasmi. Tulisimama juani mpaka ngozi za ngoma zikakaza. Nilimwona Mama nyuma ya kamba, amejifunga khanga yake nzuri, amesimama kwa vidole ili anione. Gari likaingia. Afande akanyanyua mkono, akanitupia jicho, akaushusha.

Pigo la kwanza nililiacha hewani. Sitadanganya, niliogopa. La pili nikaligusa, kwa dole gumba tu, mkono umetulia kabisa, sauti ndogo ambayo hata jirani yangu mstarini asingeitofautisha na yake. Hakuna kilichovunjika. Mstari ulikuwa mzima. Nikaongeza kidogo, halafu kidogo tena, halafu nikaacha kupima. Tulipofika kwenye ule mrindimo mrefu, mahali ambapo ngoma ndogo zote zinatoa krrrrr wakati mgeni anapanda jukwaani, nilipiga kwa vidole vyote nilivyokuwa navyo, kulia na kushoto, na ngoma yangu ikasema sawa na zao. Afande alikuwa ametupa mgongo, anamwelekea mgeni. Niliona shingo yake ikikakamaa. Mzee yule alipiga ngoma miaka mingi kuliko umri wa mama yangu, na alijua tofauti ya ngoma tano na ngoma sita bila kugeuka.

Baada ya hotuba na keki Mama alinifuata. Alinishika mabega, akasema, "Nimekusikia." Katika kelele zile, ngoma sita na filimbi na watu wakishangilia, sijui mtu angewezaje kumsikia mmoja. Inawezekana alisema tu kama mama. Lakini nilikuwa nimepiga, kwa hiyo neno lake lilikuwa kweli hata kama yeye alilibahatisha. Kwangu hilo lilitosha na linatosha mpaka leo. Akaondoka mbio kuwahi zamu ya mchana.

Uwanja ulipopungua watu, Afande alikuja na funguo za stoo.

"Nilikuambia usiguse ngozi."

"Uliniambia, Afande."

"Ukasikia?"

"Nilisikia."

"Mstari haukuvunjika," alisema, na kwa sekunde moja nilidhani yameisha. "Lakini wewe ulikuwa hujui kama hautavunjika. Jeshini mtu kama wewe hatumweki. Jumatatu usije mazoezini. Peleka ngoma stoo, nakufuata."

Mwalimu mkuu hakuniombea, Mama alisema mtu mzima akishasema amesema, na Bibi alipopata habari aliuliza tu kama nilikula keki. Sikupiga kwenye bendi yoyote tena. Sikuwa mpiga ngoma, na sidai kwamba ningekuwa. Wapo wanaoniambia kwamba Afande alikuwa na hoja, na kwamba ningeomba radhi angenirudisha. Alikuwa na hoja, ndiyo. Sikuomba, na leo hii nikiulizwa nitasema vile vile.

Ila kutoka uwanjani mpaka stoo kulikuwa na mwendo, unapita mbele ya madarasa yote ya zamani, unazunguka bomba, unapanda kijilima. Ngoma ilikuwa bado imening'inia ubavuni mwangu na vijiti bado vilikuwa mkononi. Hatua za kwanza nilitembea kimya. Kisha nikaona kwamba Jumatatu haijafika. Nikanyanyua vijiti, nikaanza lile gwaride upya, kuanzia pigo la kwanza kabisa, safari hii bila kuliacha hewani. Nilingoja aniambie niache. Nilipiga mbele ya darasa la kwanza, la pili, la tatu, na hakusema. Kwenye bomba, wakati wa kukata kona, niliinamisha kichwa kidogo nikatazama nyuma chini ya kwapa langu. Afande alikuwa hatua sita nyuma yangu, funguo mkononi, uso umekunjamana kwa hasira, na miguu yake, kushoto, kulia, kushoto, kulia, ilikuwa inafuata ngoma yangu.